Kujifunza Kikorea kwa nyimbo: kwa nini unaimba vizuri lakini kuzungumza huwezi

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 20, naishi Arusha na nimemaliza kidato cha sita. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikisikiliza nyimbo za vikundi vya Korea karibu kila siku, na zaidi ya nyimbo 40 naweza kuziimba mwanzo hadi mwisho bila kuangalia maneno. Mwezi uliopita mgeni kutoka Korea aliingia katika duka la vifaa vya shule la mjomba wangu, mtu wa umri wa baba yangu. Kwa furaha nikamwambia 'annyeong'. Alishtuka kidogo, akacheka, akasema sentensi mbili tatu ambazo sikuambulia hata neno moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama anasema nimepoteza miaka mitatu. Je, ni kweli kwamba nyimbo hazifundishi lugha, au ni mimi nisiye na kipaji? Maneno ya nyimbo nayasoma kwa herufi zetu za kawaida. Herufi za Kikorea sijajifunza kwa sababu naambiwa ni ngumu kama za Kichina. Nataka kuomba ufadhili wa kusoma Korea. Nianzie wapi?"

Marahaba, binti yangu. Tuanze na salamu hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya kisa chako imo ndani yake. Ulipokaa kuniandikia hukujiuliza hata mara moja kama useme "shikamoo" au "mambo vipi". Mkono uliandika wenyewe, kwa kuwa umekulia katika lugha inayopima umri na heshima kabla ya neno la kwanza kutoka mdomoni. Kikorea nacho kinapima vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, na "annyeong" ndiyo "mambo" yao: ni salamu ya marafiki wa rika moja na ya mtu mzima kwa mtoto. Yule mgeni alishtuka kama ambavyo mjomba wako angeshtuka mzungu wa miaka 20 akiingia dukani na kumwambia "niaje". Kisha akacheka, nami naamini alicheka kwa furaha ya kusikia lugha yake mjini Arusha. Kwa hiyo aibu hiyo iweke kando, tushughulikie mambo yenyewe.

Wasiwasi wako, nikiuelewa vizuri, ni kwamba miaka mitatu ya kusikiliza ilipaswa kuzaa mazungumzo, na kwa kuwa haikuzaa, ama njia ni mbovu ama wewe ni mbovu. Kipaji tukiondoe kabisa kwenye hesabu, kwa maana mtu aliyehifadhi nyimbo 40 za lugha asiyoijua hana upungufu wa kumbukumbu wala wa sikio. Waulize wazee walioishi Dar es Salaam au Nairobi enzi ambazo muziki kutoka Kinshasa ulitawala kumbi na redio zetu. Waliimba Kilingala neno kwa neno, walijua kwamba "bolingo" ni mapenzi na "motema" ni moyo, na ungewapeleka sokoni Kinshasa wasingeweza kuuliza bei ya fungu la nyanya. Huku pwani, vizazi kadhaa vimeimba nyimbo za filamu za Kihindi kwa namna hiyo hiyo. Ulichofanya wewe ndicho walichofanya wao, na matokeo ni yale yale kwa sababu ubongo ni ule ule.

Ubongo hufanyaje? Mahadhi huzifunga sauti pamoja kama shanga katika uzi. Kila mstari unauvuta unaofuata, na kinachohifadhiwa ni uzi mzima, si shanga moja moja. Fanya jaribio dogo sasa hivi: chagua wimbo unaoujua vizuri kuliko yote, kisha uuanze kutoka mstari wa tatu wa ubeti wa pili, bila kupita mwanzo hata kimoyomoyo. Utakwama, kama mtoto wa madrasa anayeulizwa aya ya katikati ya sura aliyoihifadhi na ambaye hana budi kurudi mwanzo ili aifikie. Sasa mazungumzo yanadai kinyume chake. Mgeni anapokuuliza jambo, unahitaji kuchomoa neno moja, kulibadilisha umbo, na kulipanga pamoja na mengine ambayo hujawahi kuyasikia kwa mpangilio huo. Kazi hiyo nyimbo hazikuifanyisha hata siku moja, na msuli usiofanyishwa kazi haukui.

Hata hivyo, mama amekosea katika neno "kupoteza". Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha matokeo ya jaribio lililowashirikisha watu wazima 60, waliofundishwa vifungu vya Kihangaria, lugha wasiyoijua, kwa dakika 15. Wengine walivirudia kwa kuvisema, wengine kwa kuvisema kwa mdundo, wengine kwa kuviimba. Walioimba ndio waliofanya vizuri zaidi walipotakiwa kuvitamka vifungu vile kwa Kihangaria. Wimbo, basi, ni gundi nzuri sana. Lakini angalia sharti lililojificha humo: watu wale waliambiwa kila kifungu kina maana gani. Wewe gundi unayo, ya nyimbo 40, ila vitu vya kugandisha hukupewa. Akiba yako ipo, imefungwa tu, na ufunguo wa kwanza ni ule ulioambiwa uuogope.

Herufi za Kikorea, ziitwazo Hangul, hazina uhusiano na ugumu wa Kichina. Mwandiko wa Kichina una alama maelfu, kila moja ikibeba neno au sehemu ya neno. Hangul ni alfabeti kama hii tunayoandikia: herufi za msingi 24, konsonanti 14 na irabu 10, ambazo hupangwa kwa mafungu ya silabi badala ya kufuatana katika mstari mmoja. Ilibuniwa chini ya Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa mwaka 1446, kwa lengo lililotajwa waziwazi kwamba watu wa kawaida wasiojua Kichina waweze kuandika mambo yao. Maelezo yaliyoambatana na tangazo hilo yanajigamba kwamba mwerevu ataijua kabla asubuhi haijaisha, na mjinga atahitaji siku kumi. Mimi si mkali kama wanazuoni wa mfalme, nakupa wiki mbili kwa nusu saa kila siku.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu herufi za Kilatini zinamdanganya msomaji wa Kiswahili kuliko zinavyomdanganya mtu mwingine yeyote. Sisi tumezoea kutamka kila irabu tunayoiona. Kwetu "kaeni" ni silabi tatu na hatuna mjadala. Neno "saranghae" tunalisoma "ha-e" mwishoni, wakati "ae" hapo ni sauti moja tu, karibu sawa na "e" yetu. Tena "ng" tunaisoma kama ya "ngoma", kumbe ni ile ya "ng'ombe". Matamshi yenyewe, kwa tahajia yetu, yangekuwa karibu na "sarang'he". Mbaya zaidi ni "eo" na "eu", ambazo kila moja ni irabu moja isiyokuwemo katika Kiswahili. Ya kwanza, 어, utaipata ukiiandaa midomo kusema "o" kisha ukaiacha ilegee bila kuiviringa. Ya pili, 으, utaipata ukisema "u" huku midomo ikiwa imetanuka kama ya mtu anayesema "i". Mtu anayesoma "eo" kama "e" ikifuatwa na "o" ameongeza silabi ambayo Mkorea haitambui, na nyimbo zimejaa irabu hizo. Kwa hiyo kurasa zako zote zenye maneno ya nyimbo kwa herufi za Kilatini ziage kwa heshima, usizirudie.

Kuna sauti nyingine ambazo wimbo huzificha. Kikorea hutofautisha konsonanti za aina tatu pale ambapo Kiswahili sanifu kina moja au mbili: ya kawaida, ya kukaza, na yenye mpumuo. 달 ni mwezi wa angani, 딸 ni binti, 탈 ni kinyago. 불 ni moto, 뿔 ni pembe, 풀 ni majani. Wanafunzi wa bara hulalamika kwamba zote ni sauti moja, na wanaotoka Mombasa au Lamu huniangalia kwa kiburi kidogo, kwa sababu lahaja zao zinatofautisha "kaa" la moto, lisilo na mpumuo, na "k'aa" wa baharini, mwenye mpumuo. "Paa" la nyumba na "p'aa" wa porini. Ukiwa na rafiki au jirani wa pwani, muombe akutamkie jozi hizo huku umeweka kiganja mbele ya mdomo wake, nawe utauhisi upepo kwenye moja na kuukosa kwenye nyingine. Hiyo ni theluthi mbili ya somo, na kilichobaki ni ile ya kukaza, ambayo koo hubanwa kidogo kabla ya sauti kutoka.

Tatizo ni kwamba katika usemi wa vijana wa Seoul, konsonanti ya kawaida na yenye mpumuo zikiwa mwanzoni mwa kifungu hutofautishwa sana na kidatu cha sauti: silabi yenye konsonanti ya kawaida huanza chini, yenye mpumuo huanza juu. Katika wimbo, kidatu hakiamuliwi na neno, kinaamuliwa na mtunzi wa mahadhi. Alama ambayo Mkorea angeitegemea mtaani imefutwa, na sikio lako, hata lingesikiliza miaka kumi, halina pa kuipatia. Ndiyo maana wanafunzi waliofundishwa na muziki peke yake huwa na matamshi yanayofurahisha wanapoimba na yanayochanganya wanapozungumza.

Ongeza na tabia yetu ya kumalizia kila silabi kwa irabu. Kikorea kina silabi nyingi zinazofungwa kwa konsonanti, nasi huzitilia irabu bila kujijua, kama tulivyofanya "bandeji" na "stempu". Tena konsonanti hiyo ya kufunga ikikutana na inayofuata hubadilika: 합니다 huandikwa kana kwamba ina "p" lakini hutamkwa "hamnida", na 국물, mchuzi, hutamkwa "kung'mul". Hapa nyimbo zimekusaidia kweli, kwa sababu umezisikia sauti zikiwa zimeshabadilika. Utakapoanza kusoma Hangul utashangaa mara kadhaa kwa siku: kumbe neno lile huandikwa hivi! Huo mshangao ndio faida ya kwanza kutoka akiba yako.

Sasa sarufi, ambayo ndiyo kiini cha yote. Ukiulizwa "saranghae" maana yake nini, utasema "nakupenda". Lakini katika "nakupenda" sisi tumeweka mtendaji, wakati na mtendwa, vyote ndani ya neno moja: na-ku-penda. Katika 사랑해 hakuna "mimi" wala "wewe". Kuna penda, kwa umbo la wakati uliopo, na mwisho unaoonyesha kwamba msemaji anazungumza na mtu wa rika lake au aliye karibu naye. Ikitamkwa mahali pengine yaweza kuwa "anampenda" au "wanapendana". Nani anampenda nani, msikilizaji anaokota kutoka mazingira. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi mbele, kitenzi cha Kikorea hubeba heshima nyuma: 사랑해 kwa rafiki, 사랑해요 kwa adabu ya kawaida, 사랑합니다 kwa urasmi. Ukiliona hilo, utaelewa pia kwa nini tafsiri za nyimbo zinazotengenezwa na mashine mara nyingi humgeuza aliyeachwa kuwa aliyeacha: mashine inalazimika kuchagua mtendaji ambaye mshairi hakumtaja.

Kwa bahati nzuri, Mswahili haogopi kitenzi kilichorundikiwa viambishi. Mkorea husema mzizi kwanza, kisha wakati, kisha heshima, na kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Chukua mfano nilioutunga mwenyewe: 어젯밤에 너를 기다렸어, yaani jana usiku nilikungoja. Neno la kwanza ni jana usiku pamoja na kiambishi 에 cha wakati. La pili ni 너, wewe, pamoja na 를 inayoonyesha kwamba ndiye mtendwa. La mwisho lina mzizi 기다리, ngoja, wakati uliopita 었 ambao umeungana na mzizi, na mwisho 어 wa kuzungumza na mwenzako. Mtunzi wa nyimbo akipata sentensi hii ataifanya nini? Ataibana 너를 iwe 널, ataipeleka jana usiku mwishoni ili ikae vizuri kwenye mdundo, na pengine ataikata katikati ili nusu yake iangukie mstari unaofuata: 널 기다렸어, 어젯밤에. Ni Kikorea halali, kama vile ushairi wetu unavyoruhusu kupindua maneno kwa ajili ya vina na mizani. Lakini mgeni anayejifunza Kiswahili kwa tenzi peke yake angezungumza namna gani na kondakta wa daladala?

Vibano hivyo vijue mapema, kwa kuwa vimo karibu katika kila wimbo: 난 ni 나는 (mimi), 넌 ni 너는 (wewe), 날 ni 나를, 널 ni 너를. Utasikia pia "niga" ikiimbwa mahali ambapo maandishi yana 네가, "wewe" akiwa mtendaji. Hilo si kosa la mwimbaji wala si tusi. 네가 na 내가, "mimi" akiwa mtendaji, siku hizi hutamkwa sawasawa, hivyo wasemaji huibadilisha moja ili watu waelewane. Hata kile kiitikio cha "Gangnam Style" cha PSY kilichoizunguka dunia mwaka 2012 kina kibano cha namna hii: "oppan" ni 오빠 na 는 zilizobanwa. Nalo neno 오빠 ni kaka mkubwa anapotajwa na mwanamke tu. Kaka yako akimwita mwanamume mwenzake hivyo, kwa sababu amelisikia kwa mashabiki, watu watacheka. Yeye husema 형. Waswahili wa zamani walikuwa na "umbu", ndugu wa jinsia nyingine, kwa hiyo wazo hili halikuwa geni kwa bibi zetu.

Turudi kwenye heshima, maana ndiyo iliyokuangusha dukani. Nyimbo nyingi za mapenzi huimbwa kwa lugha ya wenyewe kwa wenyewe, na ni haki yao, kwa kuwa mpenzi haambiwi "mheshimiwa". Matokeo yake ni kwamba karibu kila umbo la kitenzi ulilohifadhi haliwezi kutumika kwa mtu usiyemfahamu. Wapo wanaoshauri kuongeza 요 mwishoni na kumaliza kazi. Ushauri huo unafaa kwa 사랑해, lakini una mipaka: miisho mingine haipokei 요 hivi hivi, na tena hakuna 요 inayoweza kuisafisha 너. Mkubwa wako humwambii "wewe" kwa Kikorea; unataja cheo chake, kama 선생님, mwalimu, au unaliacha kabisa neno hilo. Nafikiri unaielewa ladha yake, kwani hata kwetu "we!" si neno la kumwambia mzee.

Na msamiati? Nyimbo zitakupa moyo, machozi, usiku, ndoto, nyota, kumbukumbu na kuachana, tena mara nyingi kiasi kwamba hutayasahau. Tiketi, kodi ya nyumba, dawa ya kikohozi na "naomba risiti" hutaviokota humo.

Nitakuambia namna ninavyowafanyisha kazi wanafunzi wangu wanaopenda muziki, nami sijawahi kumkataza hata mmoja kuimba. Hangul ikishakaa, chagua wimbo mmoja kati ya hizo 40, wa polepole, wenye Kikorea kingi na Kiingereza kidogo, usio na kufokafoka. Usichague unaoupenda kuliko wote, kwa sababu utauchoka. Chukua mistari minne tu. Isikilize na uiandike kwa Hangul kama unavyoisikia, kisha ndipo ulinganishe na maandishi sahihi. Makosa yako yatakuonyesha hasa ni sauti zipi sikio lako halizitofautishi, na hakuna mwalimu anayeweza kukuambia hilo haraka namna hiyo. Baada ya hapo fungua vibano vyote, rudisha sentensi katika mpangilio wake wa kawaida, na utafute kila kiambishi kinafanya kazi gani.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote: ubadilishe mstari. Sentensi yangu ya kungoja uifanye iwe ya mwalimu badala ya mpenzi, 어젯밤에 선생님을 기다렸어요. Uipeleke kesho, 내일 선생님을 기다릴 거예요. Uikanushe, uifanye swali, umweke mama mahali pa mwalimu. Mstari mmoja wa wimbo ukizaa sentensi kumi zako mwenyewe, ule uzi umekatika na shanga zimekuwa zako. Ndipo uimbe, mwishoni, kama zawadi. Wimbo mmoja kwa wiki mbili unatosha, na usihangaike ikiwa rafiki zako wanahifadhi mitatu kwa wakati huo.

Bando likiwa tatizo, kazi hii yote inahitaji faili moja la sauti na daftari.

Sitakuficha kwamba hata ukifanya hivyo kwa uaminifu, nyimbo zisizidi robo ya muda wako wa kujifunza. Robo tatu zilizobaki zinahitaji kitabu cha kiada chenye sauti na mazungumzo ya watu wa kawaida. Tamthilia zinasaidia zaidi ya nyimbo kwa upande wa heshima, kwa sababu unamwona bosi, mama mkwe na mtoto wakizungumzishwa kila mmoja kwa namna yake. Ubaya wake ni kwamba macho huganda kwenye manukuu ya chini na sikio likalala. Mahojiano ya waimbaji unaowapenda ni bora kuliko vyote viwili, kwani sauti unaizoea tayari na sasa inazungumza badala ya kuimba, tena mara nyingi kwa adabu mbele ya mtangazaji. Programu za simu za kujifunzia lugha zinafaa kwa kurudia maneno. Sijaona mtu aliyeweza kuzungumza kwa hizo peke yake.

Kuhusu ufadhili, unahitaji kuujua mtihani uitwao TOPIK, unaopima Kikorea cha wageni kwa ngazi sita. TOPIK I hupima ngazi ya 1 na ya 2 kwa kusikiliza na kusoma. TOPIK II hupima ya 3 hadi ya 6 na huongeza kuandika. Ngazi ya 1 hukadiriwa kuhitaji maneno ya msingi kama 800, na matokeo hudumu miaka miwili, kwa hiyo usiukimbilie mapema mno ukaja kuisha muda kabla hujautumia. Ufadhili wa serikali ya Korea, unaojulikana kama Global Korea Scholarship, humpa mwanafunzi mwaka mmoja wa lugha nchini humo kabla ya shahada, na humtaka afike ngazi ya 3 ndipo aendelee. Maana yake ni kwamba huhitaji kuwa bingwa ili uombe, ila anayefika akiwa na ngazi ya 2 mkononi huuona mwaka huo kuwa mwepesi, na anayefika na nyimbo tu huumaliza kwa machozi. Maombi hupitia ubalozi au vyuo vyenyewe. Mtu akikuambia anakuuzia nafasi, funga mazungumzo.

Usitarajie pia safari fupi. Shule ya lugha ya wanadiplomasia wa Marekani hupanga wiki 88, saa 2,200 za darasani, kumfikisha mzungumzaji wa Kiingereza katika umahiri wa kazi kwa Kikorea, wakati Kiswahili hupangiwa wiki 36. Kwa saa moja kwa siku, 2,200 ni miaka sita. Wewe si mzungumzaji wa Kiingereza tu, viambishi na heshima umezaliwa navyo, na unacholenga sasa ni ngazi za mwanzo, ambazo ziko karibu zaidi. Hata hivyo nataka upange kwa miaka, si kwa miezi.

Lini utafute mwalimu wa ana kwa ana? Hangul, msamiati na sarufi ya mwanzo unaweza kwenda mwenyewe. Lakini ikiwa baada ya miezi mitatu bado 달, 딸 na 탈 ni kitu kimoja masikioni mwako, tafuta mtu wa kukurekebisha papo hapo, kwa sababu kosa la matamshi lililozoeleka huwa gumu kung'oa. Vivyo hivyo utakapoanza kuandika insha kwa ajili ya TOPIK II, kwani insha haijisahihishi. Taasisi za King Sejong, ambazo serikali ya Korea Kusini huziendesha kufundisha lugha nje ya nchi, zina matawi katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na zina masomo ya bure kwenye intaneti. Ubalozi wa Korea ulioko Dar es Salaam ndio wa kuuliza kuhusu madarasa yaliyo karibu nawe na tarehe za mtihani. Ukimpata Mkorea aliye tayari kuzungumza nawe nusu saa kwa wiki, naye akataka Kiswahili, mmepata biashara nzuri nyote wawili.

Wageni wa namna hiyo hurudi, hasa wakishacheka na mtu. Akiingia tena dukani, msemo unaoutaka ni ule ambao wenye maduka Korea humkaribishia kila mteja, nao katika nyimbo zako 40 sidhani umo: 어서 오세요. Akijibu kwa kasi kama mara ya kwanza, mwambie 천천히 말씀해 주세요, tafadhali sema polepole. Matamshi ya misemo hii miwili siyaandiki kwa herufi zetu. Wiki mbili zijazo utayasoma mwenyewe.